Mwaka Asali Ilipoganda

Nilikunywa glasi nzima ya maji yenye asali mbele ya watu wa msiba, na sijaomba radhi mpaka leo. Ilikuwa wakati wa matanga ya Mama mkubwa Edita, dada wa mama yangu, pale pale nyumbani kwake Newala, na sisi wanawake tulikuwa jikoni tunapanga chai na mihogo ya kuchemsha ya wanaume waliokaa nje chini ya turubai. Mke wa mjukuu wake, binti mmoja mchangamfu anaitwa Neema, alikuta kwenye kabati la marehemu chupa ya asali iliyoganda nyeupe mpaka shingoni. Akaigeuza juu chini, haikusogea. Akanionyesha kwa huruma, akasema, "Shangazi, bibi walimuuzia sukari hii." Kabla sijamjibu alikwisha kutoa simu na kutafuta video ya kijana fulani anayefundisha watu kupima asali nyumbani, na kijana yule anaongea kama mtu aliyezaliwa ndani ya mzinga. Neema akajaza maji kwenye glasi, akachokonoa asali kwa kijiko, akadondosha, wanawake wakasogea kutazama kama inazama au inayeyuka. Mwingine alikuwa tayari anauliza kiberiti kiko wapi. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka. Nikainuka, nikaichukua ile glasi mkononi mwake, nikakoroga kwa kidole, nikanywa yote, nikaiweka tupu mezani. Nikawaambia kwamba katika nyumba hii asali haipimwi, na kwamba maji ya Newala si ya kuchezea. Neema alicheka akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Mwenye nyumba alikuwa bado hajamaliza wiki kaburini, naye kwa maisha yake yote alikataa jambo hilo moja, halafu leo tulifanye kwenye meza yake, kwa glasi yake, kwa asali aliyoiweka kwa mkono wake mwenyewe? Baadaye Neema alikuja kukaa na mimi uani akaniuliza nina nini na asali. Nilimwambia kidogo tu, kwa sababu watu walikuwa wengi. Haya mengine nayaandika sasa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mabinti wengine wa ukoo wetu, maana naona bado wanapimwa na bado wanaona ni jambo la kawaida.

Nilipanda Newala kutoka Masasi nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na Mama mkubwa alikuwa na mguu uliokuwa ukivimba kila alipotembea, kwa hiyo nilitumwa nikamsaidie. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine, na nitaomba msomaji aikumbuke kwa sababu watu wa Newala walikataa kuiamini. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi. Cha kwanza alilala yeye, cha pili nililala mimi pamoja na magunia ya mbaazi, na cha tatu kilikuwa cha asali. Hicho cha tatu hakikuwa na dirisha. Ukifungua mlango unapokelewa na harufu ya nta na moshi, maana warina asali wa bondeni huko Ruvuma walikuwa wakiirina kwa mienge, nayo ilipanda kwetu ikiwa na majivu, masega na nyuki waliokufa. Kazi yangu ilikuwa kuichuja. Tulifunga kitambaa cheupe kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa, tukaweka beseni chini, tukamimina, tukafunga mlango na kuondoka. Mama mkubwa hakuruhusu mtu kukamua kitambaa wala kupasha asali moto ili ishuke haraka. Ilishuka ilivyotaka yenyewe, siku nzima, na mimi nilikuwa nikienda kuichungulia na kurudi na kidole mdomoni.

Miaka ile sukari ilikuwa ya mgao, na mgao wenyewe ulikuwa wa kusikia tu. Asali ndiyo iliyokuwa sukari yetu. Asubuhi tulikula uji wa mtama kwa asali, au ming'oko, viazi pori vya kwetu, iliyochemshwa tukaichovya humo humo. Jioni ilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, au mbaazi za nazi, nazi ikipatikana, na baada ya chakula Mama mkubwa alinikatia kipande cha sega nikitafune huku yeye akisugua mguu wake na kunisimulia nani kaoa, nani kaachwa, nani kavua viatu kanisani. Nilikuja mwembamba. Mpaka mwezi wa tano nguo zangu zote zilikuwa zinanibana, mashavu yamejaa, na nilijiona nimependeza kweli kweli. Sikujua kwamba kuna watu wanaozihesabu nguo za mtu zinavyobana.

Wanunuzi walikuja hadi mlangoni, na karibu wote walikuwa na kipimo chao. Kuna waliotaka kuona tone likizama kwenye glasi ya maji bila kuyeyuka. Kuna waliodondosha kwenye karatasi wakaigeuza kuona kama imelowa. Kuna waliochovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, ikiwaka wanasema safi, isipowaka wanasema ina maji. Na kuna waliomwaga kidogo chini wakasubiri sisimizi, kwa imani kwamba sisimizi hawagusi asali ya kweli, jambo ambalo sisimizi wenyewe hawajawahi kuambiwa. Mama mkubwa aliwatazama wote kwa uso ule ule. Aliyetaka kupima kwa maji alijibiwa maneno matatu, "Uje na maji yako," na mlango ukafungwa nusu. Watu walicheka lakini hakuwa akichekesha. Kiangazi Newala unanunua maji kwa ndoo, unayapangia matumizi, unaoga kwa kopo, halafu mtu aje kuyamwaga kwa sababu hakuamini? Wakati huo huo sokoni kulikuwa na wauzaji waliochemsha sukari guru na maji mpaka ikawa nzito, wakachanganya na asali kidogo ya kunukia, na asali yao ile ilizama kwenye maji, ilikaa juu ya karatasi na njiti yake iliwaka vizuri kabisa. Nilimwuliza Mama mkubwa kwa nini hawaambii watu. Alisema wanaopenda kupima waachwe wapime.

Katika miezi ile ile Sospeter aliniposa. Nilimpenda, na sioni kwa nini nifiche leo. Alikuwa karani katika ofisi moja ya wilaya, mrefu, mpole, anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu, na alikuwa na namna ya kufunga kitabu cha nyimbo kabla wimbo haujaisha kwa sababu ubeti wa mwisho aliujua kwa moyo. Mimi niliimba sauti ya kwanza nikiwa nimekaa mahali ninapoweza kuuona mkono wake. Mama yake, Mama Sospeter, alikuwa kiongozi wa wanawake kanisani, mtu msafi, mchapakazi, ambaye alipanga kila kitu kuanzia vitambaa vya altare hadi nani apike wali wa sikukuu. Aliponikubali nilijiona nimekubaliwa na Newala nzima. Posa ikapokelewa, wajomba zangu wakapanda kutoka Masasi, wakala, wakazungumza, wakaridhika. Ikakubaliwa kwamba mwezi wa saba tutatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, kama ilivyo desturi, na baada ya mavuno tufunge ndoa.

Mwezi wa sita baridi ilipanda. Watu wa bondeni hawaamini ukiwaambia baridi ya Newala, lakini asubuhi ukungu unaingia mpaka kwenye sufuria, na nguo ulizoanika jana leo ni mbichi zaidi. Baridi ile ndiyo iliyoigandisha asali. Ilianza chini ya chupa, ukaona kama unga umetulia, ukapanda polepole mpaka chupa zote chumbani zikawa nyeupe na ngumu. Mama mkubwa hakushangaa. Kila mwaka, alisema, baadhi huganda na baadhi haigandi, na hakujua kwa nini. Nasisitiza kwamba hakujua, kwa sababu kwenye msiba wake walisimama watu wakamfanya mtaalamu wa nyuki. Hakuwa mtaalamu wa kitu. Alichojua ni kwamba asali hii ilipita mikononi mwake tangu ikiwa na majivu na hakuna mtu aliyetia kitu ndani yake.

Mama Sospeter alikuwa amenunua chupa kwa ajili ya mgeni mkubwa wa kanisa aliyekuwa anakuja kutoka Masasi. Akaiweka kabatini, na siku ya mgeni akaitoa ikiwa imeganda. Aliona aibu, na aibu yake ilikuja kwetu asubuhi iliyofuata ikiwa na chupa mkononi. Nilikuwa chumba cha asali, mlango umerudishwa, nikasikia yote. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za mguu. Kisha Mama Sospeter akasema amepima. Kwa maji ilizama, sawa, lakini njiti alizochovya hazikuwaka hata moja, na alipomwaga kidogo kizingitini sisimizi walikuja ukoo mzima. Nilitaka kutoka nimwambie kwamba kwa ukungu ule hakuna njiti inayowaka Newala, iwe imechovywa au haijachovywa, kwetu wenyewe tulikuwa tunaomba moto kwa jirani. Lakini binti aliyeposwa hatoki kumsahihisha mama mkwe. Nikabaki na kitambaa mkononi.

"Mama Lukas," alimwambia Mama mkubwa akimwita kwa jina la mwanawe, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake kutubu, "sema tu kama uliongeza sukari kidogo. Hali ni ngumu, Mungu anaelewa."

"Mama Sospeter, sukari nimeitoa wapi?" Mama mkubwa akamjibu. "Ukinionyesha duka naondoka sasa hivi na mguu wangu huu."

Baada ya hapo nikasikia chupa inawekwa mezani na viatu vinatoka. Nilitoka mbio. Nilikuwa na wazo zuri, naona hata sasa lilikuwa zuri: tuiweke ile chupa juani saa za mchana, jua likitoka, iyeyuke, nimpelekee mwenyewe aione inavyotiririka. Mama mkubwa akaniambia nisithubutu. Nikamwambia basi tuwaite wazee wa kanisa waonje. Akakataa. Tumtafute mrina asali aje aseme. Akakataa vilevile. Nilikasirika mpaka nikalia, kwa sababu niliona anavunja ndoa yangu kwa ajili ya kiburi chake. Akaniambia, na hii ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kunitolea, kwamba leo akikubali kuthibitisha chupa moja, kesho kila chupa itakuwa na kesi, na kwamba neno lake ama linatosha ama halitoshi, hakuna nusu. Chupa aliirudisha kabatini ikiwa imeganda vilevile. Aliendelea kuuza asali iliyoganda, kwa kijiko, kwa aliyeitaka. Waliobaki kuinunua walikuwa wachache, na jioni zile sega la baada ya chakula likawa dogo zaidi, kisha likakoma.

Kuna watu wa familia wanaosema alikosea. Kaka yangu Lukas, mtoto wake mwenyewe, alilirudia hilo hata juzi msibani, kwamba mama angeweza kuyeyusha chupa moja tu na kuokoa biashara yake. Labda. Mimi nilifikiri hivyo hivyo kwa wiki kadhaa, na nilifikiri kwa uchungu, huku nachuja asali ambayo haina wa kuinunua. Sikuacha kufikiri hivyo kwa sababu mtu alinieleza vizuri. Niliacha siku ilipofika zamu yangu.

Tulitangazwa Jumapili ya kwanza. Mchungaji alisoma jina langu na la Sospeter, akauliza kama kuna mtu anayejua kizuizi, watu wakakohoa kama wanavyokohoa siku zote, mimi nikaangalia mkono wa Sospeter juu ya kitabu cha nyimbo. Katikati ya wiki ile nilikwenda kupanga foleni ya maji, na nikiwa nyuma ya ukuta nasubiri ndoo yangu isogee nikasikia wanawake wawili wanazungumza juu yangu. Nilijua ni mimi kwa sababu walitaja asali. Mmoja alisema nyumba inayochanganya sukari haishindwi kuchanganya na mengine. Mwenzake akauliza kwani mnadhani yule binti alipandishwa huku mwaka huu kwa sababu gani, Masasi hakuna miguu ya kusugua? Na alivyonenepa ghafla, mmemwona? Wakacheka. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, nikajitazama kwenye kioo cha Mama mkubwa, mbele na pembeni. Nilinenepa kwa sega na uji, nyie wanawake wa foleni, na kama bado mko hai nawaambia hivyo.

Jumapili ya pili tulitangazwa tena. Jumatatu yake Mama Sospeter alimtuma mwanamke mmoja wa kikundi chake, mtu wa adabu, akakaa ukumbini na Mama mkubwa, mimi nikiwa uani nachambua mbaazi chini ya dirisha. Ujumbe ulifungwa kwa maneno mazuri. Maneno ni mengi mjini, alisema, na Mama Sospeter hayaamini hata kidogo, lakini ili kuwafunga watu midomo, kabla ya tangazo la tatu binti apelekwe kwa mkunga mmoja mstaafu anayeaminika, amshike tumbo na kumwangalia, jambo la dakika chache, mkunga aseme neno moja tu. Alisema ni kwa faida ya binti mwenyewe. Mama mkubwa hakumjibu kwa hasira. Alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani kwa mguu ule ule, akarudi akakaa mlangoni pa uani akanitazama nachambua.

"Hilda, nenda tu," akaniambia. "Ni dakika chache. Nenda yaishe, mwanangu."

Niliinua macho nikidhani nimesikia vibaya. Nilimwona mzee, amechoka, anaogopa. Alikuwa amekwisha kupoteza wanunuzi na sasa alikuwa anaogopa kupoteza harusi, wajomba kupanda tena na kumwuliza alikuwa akinitunza namna gani. Naelewa leo. Siku ile sikuelewa na sikutaka kuelewa. Nilisukuma ungo wa mbaazi nikasimama. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kumwinulia sauti mtu mzima, na kwetu kumwinulia sauti Mama mkubwa ni sawa na kumwinulia mama aliyekuzaa, lakini niliinua, majirani wakasikia.

"Chupa yako uliikatalia isipimwe kwa njiti ya kiberiti," nikamwambia. "Mimi ndiyo nikalazwe kitandani nishikwe tumbo? Mimi na chupa, nani mwanao?"

Aliketi pale mlangoni, mimi nikaokota mbaazi zilizomwagika kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kanga mbili safi na viatu vya kanisani, akachukua mkongojo, akaondoka bila kuniaga. Nilimfuata kwa macho hadi alipokata kona ya kwa Mama Sospeter. Aliporudi jua lilikuwa limeelemea, na mguu umevimba hadi viatu amevibeba mkononi. Aliniambia amewaambia sipimwi. Nikamwuliza wamesemaje. Akasema wamesema basi. Nilimchemshia maji nikamkanda mguu, hatukuzungumza juu ya jambo lile tena usiku huo, ila alipokuwa anainuka kwenda kulala aliweka mkono kichwani pangu akauacha hapo kidogo.

Sospeter alikuja Alhamisi, hakuingia, alisimama nje ya ua wa miti. Nilimwendea nikiwa na matumaini yote ya dunia. Alisema yeye ananiamini kabisa, hana wasiwasi hata wa punje, lakini mama yake ameshasema mbele ya wenzake na sasa hawezi kurudi nyuma, kwa hiyo nikubali tu, kwa ajili yake, halafu tutacheka tukiwa kwetu. Nikamwambia kama ananiamini basi akamwambie mama yake hivyo hivyo alivyoniambia mimi, kwa maneno yale yale, na mimi nitamwandalia chai. Akatazama viatu vyake. Akasema mimi simjui mama yake alivyo. Nilikuwa najua sana alivyo. Nilichokuwa sijui ni yeye alivyo, na siku ile nikajua, na iliniuma kuliko foleni nzima ya maji. Nililia mpaka pua ikaziba. Sijawahi kujifanya kwamba kukataa ni kazi rahisi.

Jumapili ya tatu nilivaa gauni langu la bluu lililokuwa linabana kuliko yote, nikaenda kanisani. Mama mkubwa alitaka tubaki nyumbani. Nilikwenda, naye akanifuata, tukakaa mstari wa mbele ambako huwa hatukai. Mchungaji alisoma matangazo ya ndoa ya watu wengine, akasoma ya shamba la kanisa, akafunga karatasi. Jina langu halikusomwa. Nyuma yetu kulisikika minong'ono, na minong'ono ile ilikuwa na tumbo langu ndani yake. Wimbo ulipoanza niliimba sauti ya kwanza kwa nguvu zote, mpaka Mama mkubwa aliyekuwa haimbi siku zote akaanza kuimba naye, vibaya, nje ya mstari, kwa sauti kubwa. Tulitoka tukawaamkia watu wote mlangoni, mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo baba, wakalazimika kuitikia marahaba. Hatukumruka hata mmoja.

Kuanzia hapo nilikwenda sokoni kila siku. Ningeweza kurudi Masasi, na mama yangu aliniita, lakini nilijua nikishuka watasema nimeshuka kwenda kujifungua. Nikabaki. Nilibeba ndoo, nilibeba magunia, nilifunga kanga kiunoni wala si kifuani. Baridi iliisha, asali mpya ikapanda, mikorosho ikachanua, msimu ukaja na mabibo yakanuka kila kona. Watu walitazama tumbo langu kama wanavyotazama mawingu, na tumbo halikuwapa kitu. Siku hizi watoto wangu wananiambia kwamba nilichukua miezi mingi kuthibitisha kile ambacho mkunga angekithibitisha kwa dakika chache. Nawajibu kwamba sikuwa nathibitisha kitu. Nilikuwa naishi Newala, nauza asali, na walioona tumbo langu waliliona kwa macho yao wenyewe bila ruhusa yangu. Mume niliyempata baadaye, mtu wa Tandahimba, Mungu amrehemu, nilimsimulia habari hii kabla hajaniposa ili ajue anaoa nani. Alisema sawa, akaomba chai nyingine.

Desemba, msimu wa korosho ukielekea mwisho, walikuja. Mama Sospeter, mjomba wake Sospeter kama msemaji, na Sospeter mwenyewe amevaa shati jeupe. Walikaa ukumbini, mimi nikawapelekea maji ya kunawa, ugali na kuku, nikarudi uani kama inavyotakiwa. Walikula. Mjomba akazungumza vizuri sana, mtu aliyejaliwa maneno. Alisema maneno ya watu yalipita katikati yetu, na kwamba wakati umeonyesha, na wao kama familia wameona kwa macho yao kuwa binti ni mzima, hana kitu, ametulia. Hawana shaka tena. Wamekuja kuomba tuendelee tulipoishia, na ikiwezekana tutangazwe Januari. Mama Sospeter akaongeza kwamba yeye siku zote alikuwa akiniombea. Niliposikia hivyo uani, sitadanganya, sehemu moja yangu ilifurahi, kwa sababu niliona kwenye uwazi wa mlango ule mkono niliouzoea umekaa juu ya goti la suruali.

Mama mkubwa alisema hilo jambo si lake kulijibu, na akaniita. Kwa desturi binti haitwi kujibu posa, wakubwa wake humjibia. Mjomba akageuka kumwangalia, lakini Mama mkubwa alikwisha kuita na mimi nilikwisha kuingia. Nilipiga magoti nikawaamkia, wakaitikia. Sikukaa.

"Mama Sospeter, mnasema mmeona kuwa sina kitu," nikasema. "Mwezi wa saba nilikuwa hivi hivi."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na jambo la kupanga. Hakuwa mwanamke mbaya. Nadhani alitaka kweli kuelewa, na ndiyo maana aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, mikono imefunguka mapajani.

"Sasa mwanangu, sisi tungejuaje?"

"Mngeniuliza," nikamwambia.

Mama Sospeter aliangalia chini, mjomba akaangalia chini, Sospeter alikuwa anaangalia chini tangu mwanzo. Nikamgeukia Mama mkubwa Edita, aliyetembea hadi kwao kwa mguu uliovimba kunitetea, nikaona na yeye ameinamisha macho, kwa sababu tangu maneno yale ya mwezi wa saba hata yeye hakuwa ameniuliza.